Mteja Asiyesalimiwa

Bibi Mwanakheri aliingia akachagua kiti kinachotazama mlango, akaweka mkoba mapajani, akaniambia atakunywa kahawa. Hakuwa na miadi. Nilimjua tangu Ijumaa, na nilijua anamsubiri nani.

Mimi naitwa Conjesta, kwetu ni Muleba, shule niliishia darasa la saba. Nafagia, napika kahawa na kufungua mlango katika kliniki ya Bi Masouda, hapa Bawshar, Omani. Watu humwita daktari, naye kila mara huwasahihisha. Leseni yake iko ukutani na imeandikwa mwanasaikolojia. Hatoi dawa wala sindano, na hataki jina ambalo hakupewa. Kila mtu mpya humwambia maneno yaleyale kabla hajafunga mlango: utakayosema humu yanabaki humu, isipokuwa ukisema unataka kujiua, au kumdhuru mtu, au kuna mtoto anaumizwa.

Na mimi alinikalisha siku ya kwanza akanieleza kwamba hata jina la anayekuja ni siri, na nikiteleza mimi, leseni itakayochukuliwa ni yake. Ukimkuta mteja nje, alisema, humjui mpaka akujue yeye kwanza. Ilinikaa vibaya. Kwetu ukimpita mtu kimya umemtukana, na hawa Waomani waliotoka Unguja ndio zaidi, salamu zao zinapita kwa mama, kwa watoto, kwa miguu inayouma, mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Lakini nilikubali.

Ijumaa dada yake Bi Masouda, Bi Shatha, alikuwa na maulidi nyumbani kwake, akaniazima nikawamiminie wageni kahawa. Wanawake walikaa kuzunguka ukumbi. Nilianzia kulia, kama wanavyotaka wao, shikamoo na finjani, shikamoo na finjani, wa rika langu nawaambia hujambo. Nikafika kwa Hadeel.

Hadeel ndiye huja kliniki kila Jumatatu. Ni mdogo, labda tunalingana umri. Huingia amejifunika uso, akikaa anavuta pumzi kama aliyepandisha ngazi, na abaya lake linanukia maziwa. Nilimmiminia nikanyamaza. Nikapita kwa aliyekaa naye bega kwa bega, mama wa mumewe, Bibi Mwanakheri, nikampa shikamoo.

Hapo ndipo nilipoharibu. Sharti nililifuata kama nilivyofundishwa, na ukumbi mzima ulisalimiwa isipokuwa mtu mmoja. Bibi Mwanakheri aliishika finjani bila kunywa, akaniuliza kwa upole tu mkamwana wake amenikosea nini. Nikasema nimeghafilika, nikamsalimia. Hadeel aliitikia huku anatazama zulia. Nilipokuwa jikoni nikamsikia bibi akimuuliza Bi Shatha huyu msichana ni wa nani, na Bi Shatha, asiyejua lolote, akamwambia ni wa Masouda, wa kule kliniki.

Sasa ilikuwa Jumatatu, na miadi ya Hadeel ilikuwa saa kumi. Bi Masouda alikuwa ndani na mteja mwingine, na mlango ule ukishafungwa haugongwi. Namba za simu za wateja anazifungia mwenyewe. Niliwaza kutoka nikamzuie Hadeel getini, lakini dirisha la ukumbi linaliona geti lote. Bibi angeniona ninavyomkimbilia, na hapo ningekuwa nimeshamjibu.

Nilimwambia bibi kwa adabu kwamba ukumbi ule ni wa wenye miadi. Akasema basi nimtoe. Alijua siwezi kumshika mkono mtu mzima kama yeye. Nikamimina kahawa. Mtu aliyetosheka huitikisa finjani kidogo akikurudishia. Yeye alinirudishia bila kuitikisa, nikamimina tena, akanirudishia tena.

"Wee mwanangu," akasema, "mke wa Majid, kijana wangu, huja hapa?"

"Bibi, anayekuja na asiyekuja, sisi hapa hatumsemi."

"Basi huja."

"Sikusema hivyo."

"Wala hukusema haji." Akacheka kidogo. "Masouda kakusomesha vizuri."

Nilikuwa na uwongo mdomoni, mwepesi kabisa, neno moja tu. Lakini Bi Masouda alishanieleza: ukimwambia huyu kwamba fulani haji, kesho akija mwingine ukamwambia hatusemi, atajua umemjibu ndiyo. Jibu lazima liwe moja kwa wote. Nikalimeza lile neno, nikalifuta sinia lililokuwa safi.

Bibi akaendelea kwa sauti ya chini, kama anayenisimulia habari za jirani. Alisema tangu mjukuu wake Humam azaliwe, mama yake halali, analia chooni maji yakiwa wazi, anadhani nyumba haisikii. Alivumilia akidhani ni uchovu. Lakini mwanamke wa kwenda kwa daktari wa wendawazimu haachiwi mtoto mchanga.

"Nikimuona leo kwa macho yangu, nnamchukua Humam nnakwenda naye kwetu Qantab nikamlee mwenyewe. Majid hatasema kitu. Hajanikataa tangu kuzaliwa. Na Masouda umwambie, nna jamaa zangu huko wanakotoa hizo leseni."

Nje gari likasimama. Nililijua kwa mlango wake, unaofungwa mara mbili ndiyo ushike. Bibi naye alilijua. Aliweka finjani sakafuni, akakaza ushungi.

Mlango ukafunguliwa, Hadeel akaingia amejifunika uso. Akaona. Mkono ukabaki kwenye kitasa.

"Haya," bibi akasema bila kuinuka. "Funua. Nishakuona."

Sikumsalimia. Nilitazama vigae. Nilidhani atageuka akimbie, na naona hata yeye alidhani hivyo, kwa sababu mguu mmoja ulirudi nyuma ya kizingiti. Kisha akauleta ndani. Akafunga mlango, akafunua uso. Alikuwa amekonda kuliko wiki iliyopita. Hakumtazama mama mkwe. Alinitazama mimi.

"Conjesta," akasema polepole, "huyu mama huja hapa siku nyingi?"

Bibi alicheka, akinisubiri nimwambie. Nami nilikuwa na jibu moja tu.

"Dada, anayekuja na asiyekuja, sisi hatumsemi."

"Mwambie," bibi akasema. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Mwambie mie si mgonjwa. Mwambie ndiyo kwanza leo."

"Bibi, hatumsemi."

Nafikiri hapo ndipo bibi alipolisikia lile jibu kama wanavyolisikia wengine. Wakati huohuo mlango wa ndani ukafunguka, akatoka yule mteja, bwana mzee mwenye kofia na kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Alitupa jicho ukumbini, akamuona Bibi Mwanakheri na finjani yake, akainamisha kichwa kwa huruma, kama watu wanaokutana kwenye foleni ya hospitali, akaenda zake. Bibi alimfuata kwa macho mpaka getini. Akajifunika uso.

Bi Masouda alikuwa amesimama mlangoni. Alituona wote watatu akaelewa, na hata hapo hakutaja jina la mtu. Alisema mwenye miadi aingie, na asiye na miadi anamwomba kwa heshima aondoke, na kama ana malalamiko, ofisi ya leseni iko wazi kila asubuhi na yeye atakwenda kujibu.

Hadeel alipofika mlangoni akageuka.

"Mama, leo Majid nitamwambia mwenyewe nilipokuwa. Nimechoka kujificha. Nawe mwambie ulipokuwa."

Mlango ukafungwa. Tukabaki sisi wawili. Nikaokota finjani, nikaijaza, nikampa, maana sikujua kingine cha kufanya. Aliinywa yote, kisha akaitikisa, mara moja, akanirudishia. Alipofika nje akasita.

"Wee. Utanisema kwa watu kama nilikuja hapa?"

Nikamwambia nilichomwambia tangu mwanzo. Hakucheka tena. Aliondoka amefunika uso mpaka kwenye gari.

Siku zilizofuata nililala vibaya. Hadeel aliendelea kuja, lakini mimi siulizi ya ndani, na mtoto hakuwahi kuja naye, hata nijue kama bado anaye. Kila simu ya kliniki ilipolia nilidhani ni watu wa leseni. Hawakupiga.

Halafu siku moja nikawaona katika duka kubwa la karibu na barabara kuu, mahali pa mchele. Majid anasukuma toroli. Bibi Mwanakheri aliponiona akageukia magunia, akasoma maandishi ya gunia moja kwa bidii kubwa. Humam alikuwa mikononi mwa mama yake, ameshika ushungi wake, anautafuna.

Niliinamisha macho nikawapita kimya.

"Conjesta," Hadeel akaniita, mbele yao wote. "Hujambo?"

"Sijambo, dada," nikasema. "Mtoto hajambo?"