Mume wa Nangurukuru

Marehemu baba yangu, Yunusu, alikuwa mchoma chokaa hapa Kivinje. Yunusu wa pili, kijana asiye ndugu yetu, alikuwa na banda la video kule Nangurukuru, njia panda, na jenereta iliyonguruma hata mamantilie wa jirani wakawa wanauza wali kwa kupayuka. Ruhusa ya kuleta bidhaa za nje ilipotoka, wenzake walileta mitumba. Yeye akaleta kanda za Wahindi wa kuimba mvuani. Mimi sikumpenda. Lakini kwetu mwenye jina la mumeo ni mumeo, hata akiwa rika la mwanao, na mama yangu, Siti, alimwita hivyo miaka yote kwa utani. Naye kila akija Kivinje alimletea "mkewe" halua.

Masika ile mama alilala kitandani, na utani ukaanza kuyeyuka. Mchana alitazama dari akasema chokaa inaanguka, laini, inajaza chumba, nifunike maji ya mtungini. Nikayafunika. Nilipoinua macho, hata mimi niliona weupe ukielea kwenye mwanga wa dirisha, nikajiambia ni vumbi. Hakuwa na maumivu. Alikuwa na jambo moja tu, radhi.

Baba alioa mke wa pili Njinjo, akatuacha. Alipougua huko alituma mtu kumwita mama. Mama akakataa kwenda, na baba akafa. Sasa mama aliogopa kuingia kaburini bila radhi ya mume.

"Mwite mume wangu," akaniambia.

"Mume wako alikufa, mama."

"Yuko Nangurukuru."

Nilikasirika, lakini nilikwenda. Nikamkuta Yunusu akipangusa kanda zake kwa kitambaa. Nikamweleza habari ya Njinjo na yote mama aliyotaka.

"Sema 'nimekuwia radhi', basi. Usitie chumvi, hii si sinema."

Alizima jenereta, watu wakalalamika bandani, tukaondoka.

Nyumbani alivua viatu mlangoni, akakaa ukingoni mwa kitanda, palepale ambapo mama alikuwa akipatazama siku zote na kupasemesha kama kwamba kuna mtu. Chumba kilikuwa cheupe na kimya. Mama akamshika mkono.

"Yunusu, uliniita sikuja. Niwie radhi."

Nikamkazia macho aseme nililomtuma. Yeye akainamisha kichwa.

"Siti, mke wangu, nilikuacha na mtoto nikaenda zangu Njinjo. Mimi ndiye niliyeanza kukosa. Niwie radhi wewe kwanza."

Nilitaka kumshika shati nimtoe nje, lakini nilibaki palepale, maana maneno yale nilikuwa nimeyangoja tangu utotoni, na aliyepaswa kuyasema alikwenda nayo kaburini.

Mama akamtazama usoni kwa kitambo, kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona wiki nzima, macho ya mtu aliye macho.

"Yunusu wangu asingesema hivyo," akasema. "Alikuwa na kichwa kigumu."

Yunusu akaanza kuuondoa mkono wake. Mama akaukamata.

"Kaa, mume wangu. Nimekuwia radhi."

"Na mimi nimekuwia radhi," akasema Yunusu.

Mama akashusha pumzi, akalala ubavu, mkono wake bado umo mkononi mwa Yunusu. Kisha akaniita bila kugeuka.

"Warda. Msalimie baba yako."

Nilimzidi umri yule mtu. Nilipiga goti hapo sakafuni nikamwambia shikamoo, baba, nikalia.