Kodi ya Kitanda

Wiki ile Lukasi alipozikwa, wageni nao waliacha kupanda mlimani. Ulikuwa mwaka 1953. Bei ya katani ilikuwa imeporomoka, safari za wenye mashamba zikapungua, na juu ya hayo ikaja kodi mpya: kila kitanda cha nyumba ya wageni kilipiwe.

Habari ilifika kijijini imekatika mkia. "Kodi ya kitanda!" Watu wakaamini mara moja: kama kichwa kinalipiwa, kitanda kitashindwaje? Wakavifungua vitanda vyao vipande vipande, wakavificha, wakalala chini. Felista, mjane wa Lukasi, alikificha migombani kile cha mninga ambacho marehemu alikichonga kwa ajili ya harusi yao. Stroberi alizokuwa akiwauzia wageni zikamwozea shambani.

Jumamosi moja ya Julai, gari likanguruma. Dominiko, mdogo wake Lukasi na mtunza nyumba ya wageni, akashuka mbio kutoka huko juu, kofia mkononi.

"Shemeji! Wamekuja! Wazungu wanne, wa Nairobi!"

"Si uwakaribishe?"

"Niwalaze wapi? Bwana mwenye nyumba aliuza vitanda vyote akikwepa kodi. Hawa wakiteremka mjini leo, kesho anafunga nyumba. Mimi sina kazi, na stroberi zako utawalisha nyani!"

"Wanafanya nini sasa?"

"Wanakunywa chai. Nimewapa birika kubwa."

Felista akacheka, mara ya kwanza tangu matanga. Akapiga kigelegele. "Jamani, toeni vitanda!"

"Na kodi?" akauliza jirani yake Paskalia, akichungulia mlangoni.

"Kodi ni ya mwenye nyumba ya wageni," Dominiko akasema. "Nani aliwaambia mlale chini?"

"Miezi minne mgongo unaniuma bure!" Paskalia akapiga paja. Kicheko kikalipuka.

Wakapanda mbio, mbao vichwani, kamba mabegani, jasho na vicheko. Wakaingilia mlango wa jikoni. Birika lilikuwa bado na chai ya vikombe viwili. Felista akaugusa msalaba mdogo ambao Lukasi aliuchonga upande wa kichwani wa kitanda chao, kisha akaugonga mguu wa mwisho ukaingia.

Mgeni mmoja akakikalia, akadundadunda. "Mzuri sana, kitanda!"

Vitanda vinne havikurudi tena kijijini. Mwenye nyumba alivinunua. Cha Lukasi kimeandikwa namba mbili kwa rangi nyeupe, na kila Jumamosi Felista hukitandika mwenyewe.