Kichaka Kilichonyolewa

Bustani ile ilikuwa na kichaka kimoja tu cha kujivunia. Asili yake ni kilima kimoja kidogo, kwingine hakioti hata ukikibembeleza, na maua yake ya njano hukaa wiki moja kwa mwaka. Mtunzaji wake aliitwa Mkasi, mtu mwenye miaka kumi na mmoja ya kibarua na ahadi moja ya meneja: mtaalamu wa mimea akija akakikuta kimechanua, Mkasi atapata ajira ya kudumu.

Bahati mbaya Mkasi alikuwa na ugonjwa wake. Akiona tawi limechomoza pembeni, vidole vinamwasha. Ua wa jirani alishaupunguza mara mbili bila kuombwa. Siku moja kabla ya ugeni alikata kijitawi kimoja, kisha cha pili ili kilingane na cha kwanza, na alipokuja kushtuka kichaka kilikuwa duara safi kama chungwa, matumba yote yako chini.

Alifika nyumbani, akamwambia mke wake kibarua kimeota nyasi. Mke, fundi cherehani, hakumpa pole. Alimuuliza ua lina petali ngapi, akavuta mabaki ya kitambaa cha njano, akaanza kushona. Kulipopambazuka Mkasi alikuwa bustanini akiyafunga maua sitini kwa uzi, moja moja.

Mtaalamu alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na maneno mengi. Maneno yote alikuwa nayo meneja. Tangu apate cheo hajawahi kukisogelea kile kichaka, lakini siku hiyo aliinama, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Harufu yake kama asali," alisema. "Kila asubuhi lazima nipite hapa kwanza."

Mtaalamu naye akainama. Akagusa ua moja, akavuta, na uzi ukamfuata mkononi.

Mkasi alijua hapo hakuna pa kujificha.

"Mama, nimekikata mimi jana," alisema. "Maua ameshona mke wangu. Yeye hana kosa."

Mtaalamu alipekua matawi, akakagua kila jeraha. Mikato ilikuwa safi, hakuna tawi lililochanika. Akasema mwakani kitachanua vizuri zaidi. Kisha akamgeukia meneja.

"Na ile asali, niiandike kwenye ripoti?"

Meneja alikohoa mpaka akatoa leso. Waliafikiana haraka sana kwamba ripoti itasema kichaka kina afya, msimu umechelewa, na mtunzaji wake asiondolewe kwa sababu yoyote.

Barua ya ajira ilitoka wiki ile ile. Kifungu cha kwanza, kwa ushauri wa mtaalamu, kilimkataza mwajiriwa kukikaribia kichaka akiwa na mkasi, panga, kisu, au kucha ndefu. Mkasi alilia kwa furaha. Akakisoma kifungu kile tena, akalia upya, na safari hii haikuwa furaha.

Jumatatu aliripoti kazini na suruali mpya aliyoshonewa na mke wake, yenye mifuko mirefu ya kufungwa kwa vifungo. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani.