Nyuzi Ishirini na Saba

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mke wa mhandisi alimwomba mumewe atoke jikoni ili maji yachemke.

"Baba watoto, kaa sebuleni kidogo," alisema. "Chai nitakuletea huko huko."

Mhandisi alichukua viatu vyake na brashi akaenda kuving'arisha sebuleni. Hakuwa amekaa vizuri, sufuria ikaanza kuunguruma. Jambo hili lilikuwa na miezi miwili sasa na nyumba nzima ilikwisha kulizoea. Pasi haikushika moto mhandisi akiwa chumbani, kwa hiyo mkewe alinyoosha nguo za watoto yeye akiwa bafuni. Chai aliinywa harakaharaka, maana mikononi mwake haikukaa na moto hata dakika moja. Mkewe alinunua blanketi la pili, la upande wake mwenyewe wa kitanda, na hakumuuliza mumewe chochote. Alidhani ni mambo ya kazini, wala hakukosea.

Kazini mhandisi alikuwa mtu wa saketi. Kiwanda chao kilitengeneza mashine za oksijeni za nyumbani, zile zinazochuja hewa ya chumba na kumpelekea mgonjwa wa mapafu kwa mrija wa puani. Kabla ya kulehemu chochote, saketi huchorwa kwenye kompyuta, na programu huiendesha kwa kuiigiza ili makosa yaonekane mapema. Kila kipande huja na faili lake kutoka kwa aliyekitengeneza, mistari kadhaa ya tarakimu inayoeleza tabia zake: kinapitisha umeme kiasi gani, kinachelewa kiasi gani, kinapata joto kiasi gani. Faili hilo ndilo modeli. Programu haina macho ya kujionea, huamini kile ilichoambiwa na modeli.

Transista kubwa ya kuendeshea mota iligoma. Programu ilihesabu vizuri mpaka mahali fulani, ikasimama, ikaandika kwamba jibu halikupatikana. Mhandisi alihangaika nayo siku sita. Alikagua kama miguu mitatu ya transista imetajwa kwa mpangilio wake. Akapunguza hatua za hesabu, akajaribu modeli ya toleo la zamani, akawaandikia watengenezaji, nao wakamjibu kwa upole mwingi kwamba barua yake imefika. Siku ya sita, Ijumaa saa kumi jioni, aliweka kinyota mwanzoni mwa mstari wa joto.

Kinyota mwanzoni mwa mstari ni kuiambia programu, huu usiusome. Watu wa kazi hiyo hufanya hivyo kila siku, na si dhambi. Unamziba mdomo yule anayebisha, unatazama kama wengine wako sawa, halafu unamfungulia. Dhambi ni kusahau kumfungulia. Mhandisi hakusahau, aliahirisha tu.

Bila mstari ule, transista ilitulia kwenye nyuzi ishirini na saba, joto la chumba ambalo programu hulichukua isipoambiwa lingine, na grafu ikatoka imenyooka. Bosi, ambaye alikuwa akipita nyuma ya kiti chake kila baada ya nusu saa, aliiona. Aliipiga picha kwa simu na kuwatumia wanunuzi kabla hajafika mlangoni. Jumatatu kulikuwa na kikao, na Jumanne wakaanza kulehemu.

Modeli haikuwa mbovu. Jibu halikupatikana kwa sababu halikuwepo: transista ile, ikibebeshwa mzigo ule, ingepanda joto mpaka iungue. Mhandisi alilijua hilo tangu siku ya nne, akajitia hamnazo.

Mashine ya kwanza ilikabidhiwa fundi wa vipimo, mwanamke wa maneno machache ambaye kiwandani walimwita Mizani, kwa kuwa hakuwahi kuzidisha wala kupunguza. Mizani alibandika kipimajoto juu ya transista akawasha. Mhandisi alivuta stuli akakaa karibu naye, roho mkononi, akingoja harufu ya kuungua. Harufu haikuja. Walikaa hapo kwa muda wa saa nane.

"Ishirini na saba," alisema Mizani. "Ishirini na saba tena. Kaka, kitu chako hiki hata jasho hakijui."

Mhandisi alicheka kidogo. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, baridi kama meza yenyewe, na asubuhi ile kwa mara ya kwanza maji yalikuwa yamekataa kuchemka mbele yake. Angeweza kuinuka akatoka nje dakika kumi tu. Alibaki kwenye stuli akimtazama Mizani anaandika namba saa baada ya saa, na mwisho akatia saini yake chini ya ukurasa.

Mashine arobaini zilitoka. Asubuhi ile aliyofukuzwa jikoni, alikuwa na safari ya kwenda kuitazama moja iliyoleta shida. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mama mmoja aliyekaa na binti yake kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye mapazia ya kijani. Kengele ya mashine ilikuwa imelia mara mbili ndani ya wiki, kisha mashine ikazima, na binti akamkimbilia mama yake na mtungi wa akiba.

Mhandisi alipoingia mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Alifungua kifuniko akapima. Ishirini na saba. Alitoka hadi getini kumpigia bosi simu, na kabla bosi hajapokea, kengele ikalia. Alirudi, ikanyamaza. Alitoka tena, ikalia. Mara ya tatu hakufika hata getini.

Mwalimu alikuwa akimtazama toka kitandani, mrija puani. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja.

"Ukitoka inalia, ukirudi inanyamaza," alisema. "Mara tatu nimehesabu. Sasa mwanangu, tatizo liko kwenye mashine au liko kwako?"

"Ni umeme wa mtaa huu, Mwalimu. Unapandapanda."

"Aa, umeme," alisema Mwalimu. Alimtazama kama alivyozoea kuwatazama wale waliosema daftari wamelisahau nyumbani. Mhandisi alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka, kwa hiyo alikaa kwenye kiti cha plastiki mpaka saa kumi na moja, kisha binti akasimama tayari na mtungi, naye akaondoka.

Kufikia mwisho wa wiki zilikuwa zimelia mashine kumi na moja. Bosi aliita kikao cha watu watatu: yeye, mhandisi na Mizani. Mizani alikuja na daftari lake. Alikuwa amepima upya, mara ya kwanza mhandisi akiwa karibu, mara ya pili akiwa amemtuma dukani.

"Kaka akiwa ndani ya mita sita, ni ishirini na saba," alisoma. "Akitoka, inafika mia moja na arobaini, na bado inapanda."

"Mita sita kila upande?" bosi aliuliza.

"Kila upande."

Bosi aliandika. Mhandisi akasema kwamba kuna mstari aliufunga kwenye modeli, na kwamba alikusudia kuufungua Jumatatu ile. Aliyasema hayo akiitazama glasi ya maji. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaeleza kwamba kuufungua mstari ni kuchora saketi upya, kuchora upya ni miezi mitano, na wanunuzi walikuwa na miadi ya kuja kuagiza mashine nyingine mia tatu. Ripoti ilihitaji sababu, na sababu yenyewe iwe ndogo.

"Hiki kipimajoto," alisema bosi. "Siku ile ya majaribio kilikuwa kizima?"

Alikuwa akimuuliza mhandisi. Mizani naye alimgeukia mhandisi, bila wasiwasi wowote, kama mtu anayengoja kuambiwa ni saa ngapi na mwenzake aliye na saa mkononi.

"Sina hakika," alisema mhandisi.

Ijumaa Mizani alipigwa kalamu. Barua ilisema ni kwa kosa la kipimo. Alikabidhi funguo, koti la kazi na daftari, akabaki na kipimajoto, kwa kuwa kilikuwa chake mwenyewe. Mhandisi alimwona dirishani akivuka uwanja na mfuko wa plastiki, na hakushuka kumuaga.

Wiki iliyofuata ghala la kiwanda lilifagiliwa. Walichora duara kwa chokaa sakafuni, mita sita kutoka katikati, wakaweka kiti katikati na vitanda kukizunguka. Vilienea ishirini na sita. Wagonjwa waliletwa na mashine zao, na Mwalimu akapata kitanda cha safu ya kwanza. Choo cha mbao kilijengwa ndani ya duara, hatua nne kutoka kwenye kiti. Wagonjwa kumi na wanne waliokosa nafasi waliandikiwa barua ya kuombwa subira. Barua mbili zilirudi, nyuma yake ndugu wameandika kwamba mwenyewe hayupo tena, na bosi akarekebisha orodha ikawa ya watu kumi na wawili. Mhandisi aliomba zile bahasha mbili. Alipewa, akaziweka chini ya kiti.

Hapo ndipo alipofanyia kazi, na hapo ndipo alipolala. Mkewe alimletea chakula mchana, akamweleza habari za watoto, akakusanya vyombo. Hakuna aliyeona ni ajabu. Ndugu za wagonjwa walimsalimia kwa heshima kubwa, wazee wakampa mkono kwa mikono miwili, na binti wa Mwalimu akamshonea mto wa kukalia. Aliupokea. Ile miwani ya mbao aliyoivaa kwenye kikao ilikuwa haivuliki tena, ingawa aibu ilimla mchana kutwa. Wao hawakuiona. Aibu inataka joto ili itokeze usoni, na uso wake haukuweza kuiva. Watu walimwona ametulia tu, wakazidi kumsifu kwa utulivu wake.

Kompyuta ilikuwa mapajani mwake, na kinyota mahali pake. Kukifuta kulitaka kidole kimoja, na joto lingerudi papo hapo. Lakini kitendo ambacho Jumatatu ile kingemgharimu kufokewa tu, sasa kingegharimu pumzi za watu ishirini na sita, na bosi hakuchoka kumkumbusha hilo. Saketi mpya hakuna aliyekuwa akiichora, maana aliyetakiwa kuichora alikuwa amewekwa kwenye kiti.

Mizani alikuja siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, wakati wa kutazama wagonjwa. Siku hiyohiyo wanunuzi nao walikuwa wamefika, na bosi alikuwa amesimama nao mlangoni, akiwaonyesha duara kwa kalamu. Mizani aliwapita, akavuka mstari wa chokaa, akasimama mbele ya kiti.

"Habari za siku, kaka."

"Salama, dada. Karibu."

"Sikai. Nimepata mahali wanataka fundi wa vipimo, ila habari zimetangulia kufika. Wanasema niwaletee neno kutoka kwa mtu aliyekuwepo." Alitoa karatasi iliyokunjwa mara moja. "Sentensi moja tu. Kwamba kipimajoto kilikuwa kizima. Nimeshaiandika, wewe ni kusaini."

Mhandisi aliichukua karatasi. Ilikuwa mwandiko ule wa daftari, namba na herufi zimesimama wima. Mizani alichukua mkono wa kushoto wa mhandisi, akabana kipimajoto kati ya vidole vyake, wakangoja wote wawili.

"Ishirini na saba," alisema Mizani. "Unaona mwenyewe."

"Naona."

Aliishika kalamu. Kwa pembeni aliona bosi ameacha kuwaonyesha wageni duara na anamtazama yeye. Mhandisi alijiambia kwamba karatasi ile ikienda mjini, watu watauliza kama kipimo kilikuwa sawa basi kosa lilikuwa la nani, na ghala litafungwa, na wagonjwa hawa watakwenda wapi. Alijiambia hivyo kwa maneno yaliyopangika vizuri sana. Kisha akaona kwamba hakuwa akiwafikiria wagonjwa hata kidogo. Alikuwa akifikiria ngazi ya kushuka uwanjani akiwa na mfuko wa plastiki.

"Nipe wiki moja, dada," alisema. "Niitazame vizuri."

"Ni sentensi moja."

"Wiki moja tu."

Mizani alimtazama usoni kwa muda, akitafuta kitu pale ambapo kwa watu wengine huonekana. Uso ulikuwa mkavu. "Haya," alisema. Aliichukua karatasi yake akaikunja, akakipangusa kipimajoto kwa pindo la khanga, akavirudisha vyote mkobani. Hakuondoka kwa hasira. Alizunguka safu ya kwanza akawapa pole wagonjwa, mmoja mmoja, akampa na Mwalimu mkono. Alipovuka mstari wa chokaa alisugua viganja vyake kuvipasha moto, kisha akapita kati ya wageni, nao wakampisha.

Mashine zilivuma. Mwalimu alirekebisha mrija wake puani.

"Yule dada ni nani?" aliuliza.

"Alikuwa anafanya kazi na sisi."

"Kazi gani?"

"Alikuwa anapima, Mwalimu."

"Alikuwa anapima vizuri?"

"Vizuri sana," alisema mhandisi, kwa sauti ya kumtosha Mwalimu peke yake, maana bosi alikuwa bado mlangoni na wageni wake.