Shemeji Aliyegonga Mtumbwi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta. Tulipoupindua mtumbwi wangu mchangani, tulikuta ufa chini ya tumbo lake, mrefu kutoka kiwiko changu hadi ncha ya vidole, na kisu cha jirani yangu Zebedayo kilizama humo mpaka kwenye mpini. Juu ya ufa huo nilikuwa nimeshatandika nyasi, akae binti yangu Tusekile na mtoto wake wa miezi mitatu.

Leo mtoto huyo ananizidi kimo na anakula samaki wangu bila kuomba. Kila nikimwona namshukuru Mungu, halafu namshukuru shemeji yangu Atuganile. Nampelekea samaki, namwambia ndaga, ndaga fijo, asante sana. Naye humshika samaki, humwangalia macho, humnusa, ndipo huitikia.

Ilikuwa enzi ya Wadachi, yaani Wajerumani, miaka michache kabla ya vita. Tulikaa Ikombe, kwenye ufuko wa mawe na mchanga kando ya ziwa, wanaume tukivua na wanawake wakifinyanga vyungu. Tusekile alikuwa amekuja kwetu kujifungua. Sasa mumewe, Aliko, alituma mtu kutoka Katumba, kando ya mto Songwe: mpunga umeiva, mke na mwana warudi. Ni safari ya siku nzima kwa kafi, na katikati yake hakuna pa kushika ila maji.

Atuganile, mjane wa kaka yangu, alileta vyungu vyake tukavibadilishe kwa mpunga. Alivipanga mchangani, akavigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio, maana mfinyanzi hatoi chungu asichokisikiliza. Alipomaliza cha mwisho, akainama akaugonga mtumbwi wangu. Akasogea hatua, akagonga tena.

"Shemeji," akasema, "huu una ufa. Kule unalia, hapa unakohoa. Mtoto asipande."

Mtumbwi ule niliuchonga mwenyewe. Tena wiki iliyotangulia nilikuwa nimeuburuta juu ya mawe nikasikia kitu kikilia *ka!* nikajiambia ni jiwe. Kwa hiyo nilikuwa na la kujibu, ila sikulipenda. Nikachukua njia ninayoijua.

Nikashika kiuno kama yeye, nikakengeza jicho kama yeye, nikamgonga Zebedayo kichwani.

"Hiki kinakohoa! Kisipikiwe maharage!"

Watu waliokuja kutuaga wakaangua kicheko. Nikajigonga tumbo.

"Hili zima, ila halina kitu!"

Wakacheka zaidi. Zebedayo mwenyewe, huku anajipapasa kichwa, alicheka kuliko wote.

"Mama wa vyungu," nikasema, "huu ni mti, si udongo. Au tuutie kwenye moto wako, uive kwanza?"

Hapo mmoja alikaa chini kabisa kwa kucheka.

Niliwahi kulambwa viboko kumi na viwili kwa kuiga mwendo wa askari wa boma, nikalala kifudifudi siku nne. Vilinifunza vizuri: askari haigwi. Lakini shemeji ni mtani wangu, ni haki yangu, na hana kiboko. Nikasimama pale kifua mbele, nimeshinda.

Sasa tazama ushindi wenyewe. Yeye alisema mtumbwi una ufa. Mimi nikajibu kwamba yeye ana makengeza na kiuno kibovu. Yote mawili ni kweli, na hakuna hata moja linalozuia maji. Lakini ukiwa katikati ya watu wanaocheka, unaona kama jambo limekwisha amuliwa. Hata Tusekile alicheka. Akamkaza mtoto mgongoni, akainua mguu mmoja, akauingiza mtumbwini.

"Haya, baba, twende," akasema. "Jua linapanda."

Nikashika kafi.

Atuganile hakukasirika. Angekasirika ningefurahi, ningepata kichekesho kingine. Alimshika Tusekile mkono, akamzuia papo hapo, mguu mmoja ndani na mmoja mchangani. Akangoja. Akawaacha watu wacheke mpaka wakachoka, mpaka aliyekaa chini akainuka na kujipangusa mchanga. Mtumbwi wa Zebedayo ulikuwa kando ya wangu, umechongwa kwa mti wa aina ileile. Akaunyoshea kidevu.

"Umeniiga vizuri, shemeji, hata mimi nimejiona," akasema. "Sasa gonga mtumbwi wa Zebedayo, halafu gonga wako, kisha utuambie ni upi unaokutania."