Kona ya Sitini

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, karani wa dirisha la tatu kwenye kituo cha ushuru wa barabara alikuwa akikwangua wino uliogandamana kwenye muhuri kwa njiti ya kiberiti. Msichana wa koti la bluu akasimama mbele yake, akiburuta pikipiki isiyo na gurudumu la mbele. Alikuwa amepita hapo Jumapili, mzima, akielekea mlimani. Jioni ya siku hiyohiyo alikufa kwenye kona ya machimbo, na Jumatatu mwili wake ulirudishwa kwao, nchi ya jirani, kwa gari lililolipa ushuru dirisha la kwanza kama magari mengine. Sasa alikuwa amekuja kugongewa tiketi.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba."

Tiketi ya wageni wa pikipiki ilikuwa ya kwenda na kurudi, na isipogongwa muhuri wakati wa kurudi, safari ilihesabika haijaisha. Hilo lilikuwa limeandikwa kwenye kijitabu cha wageni, ukurasa wa nne, na msichana yule alikuwa mtu wa kufuata maandishi. Hata hiyo shikamoo ilitoka ukurasa wa kwanza.

Karani akaichukua tiketi, akaigonga. Muhuri haukushika. Akaukandamiza kwenye wino upya, akagonga mpaka meza ikatikisika, na karatasi ikabaki nyeupe pe. Wino ulishika kwenye kidole chake, ukashika kwenye mkono wa shati, ukashika hata kwenye kikombe cha chai, ila kwenye tiketi haukushika.

"Njoo kesho," akamwambia.

Hilo ndilo jibu la madirisha yote ya ofisi tangu madirisha yalipobuniwa, na msichana hakulishangaa. Lakini kabla ya kuondoka alitoa kijitabu kwenye mfuko wa kifuani, upande wa kushoto, kama kilivyoelekeza.

"Baba, nina swali moja. Hapa panasema kona ya machimbo ni mwendo wa sitini. Mimi niliingia na hamsini na nane, kwa tahadhari. Gia ya tatu. Nilitazama ninakokwenda, sikutazama bonde. Nilikosea wapi?"

Karani alitazama njiti yake ya kiberiti.

"Labda kokoto," alisema.

"Labda," msichana akakubali. "Nyumbani mama anawaambia wanaokuja kutoa pole kwamba nilikuwa na papara tangu utotoni. Sijawahi kuwa na papara. Lakini kama nilikosea, bora nijue."

Mama wa dirisha la pili akachungulia. Alikuwa mwanamke wa kelele na moyo mzuri, na kwa siku alipitisha malori mia mbili. "Dereva! Mgeni wako ameziba njia. Mwambie asogeze hicho chuma, malori yapite."

Msichana akaomba radhi, akaiburuta pikipiki yake mpaka kivulini kando ya ukuta, akakaa chini kusubiri kesho.

Jina la Dereva lilikuwa la utani. Karani hakujua kuendesha chochote chenye magurudumu. Baiskeli ilimshinda akiwa na miaka tisa, ikamshinda tena akiwa na kumi na tisa, na baada ya hapo wakaachana kwa amani. Watu wa kituoni walilijua la baiskeli, wakacheka, na kila mmoja akadhani pikipiki angalau anaijua. Naye hakuwakatalia.

Kijitabu kile alikiandika yeye, miaka miwili nyuma. Wageni wa pikipiki walikuwa wameongezeka, na ofisi ikataka wapewe maelezo ya ushuru na ya uendeshaji pamoja na tiketi. Kazi akapewa yeye, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka na dirisha lake ndilo lililokuwa la pikipiki. Aliifanya vizuri, tusimnyime haki yake. Kila mgeni aliyesimama kusubiri chenji alimdodosa, na alichoambiwa akakiandika. Tiketi iweke mfuko wa kifuani upande wa kushoto, usije ukavua glavu zote mbili huku foleni inakupigia honi. Ukifika kwenye kizuizi usikanyage katikati ya njia, maana hapo ndipo magari yanapodondosha oili. Usilifukuzie gari lililo mbele yako. Kizuizi humfungukia mmoja, na ubao hauna macho. Mvua ikianza, dakika kumi za kwanza ndizo mbaya, simama unywe maji. Kwenye kona tazama unakokwenda, usitazame unachokiogopa.

Balaa lilikuwa kwenye mwendo. Ofisi ilitaka kila kona ya mlimani iandikiwe kasi yake, na ikampa pikipiki ya serikali, tangi likiwa limejaa, aende akazipite zote na kujaza fomu. Kusema "sijui kuendesha" ni maneno mawili tu. Lakini mtu aliyeitwa Dereva kwa miaka kumi na mmoja, mwenye mke na watoto na nywele zinazoanza kuwa na mvi, aliyaona mazito kuliko mlima wenyewe. Akaifungia pikipiki uani kwake kwa siku tatu, akapanda lori la shemeji yake, kaka wa mkewe, lililokuwa likipeleka saruji juu. Akakaa na fomu mapajani akisoma mshale wa mwendo. Kona ya machimbo lori liliipita kwa thelathini. Karani akawaza: hili lina tani kumi, pikipiki ni kitu cha kubeba watu wawili, hakiwezi kushindwa na mara mbili yake. Akaandika sitini. Kona zote akazizidisha hivyohivyo kwa mbili, na chini ya fomu, palipoandikwa *Nimezipita mwenyewe kwa pikipiki*, akatia saini nzuri yenye mkia.

Kijitabu kikasifiwa. Mkuu wa kituo alimpongeza mbele ya wenzake, na yeye akakivaa hicho kilemba cha ukoka, akatembea nacho miaka miwili.

Jumatano msichana akaja dirishani tena. Shikamoo, marahaba, muhuri ukagoma. "Nimewaza la kokoto," alisema. "Lakini kijitabu kinasema kokoto huonekana mapema ukipita kwa mwendo ulioandikwa. Kwa hiyo kosa litakuwa langu, sikutazama vizuri."

"Njoo kesho, mwanangu," karani akasema, na neno hilo la mwanangu likamwunguza ulimi. Aliona haya namna ambayo hakuwahi kuiona, haya ya kumtazama mtu anavyojichimbua atafute kosa ambalo wewe umelikalia.

Jioni hiyo shemeji alikuja kula. Karani akamwuliza, kama mtu anayeuliza bei ya saruji, ile kona ya machimbo ikoje.

"Kupanda haina neno, imefunguka kama kiganja," shemeji alisema. "Kushuka ndiyo kasheshe. Inajikunja ghafla, halafu malori ya mawe yanamwaga kokoto palepale. Kushuka mimi sizidi ishirini, na mimi ni mimi."

"Siku ile tulikuwa tunapanda," karani akasema.

"Tulikuwa na saruji, shemeji. Saruji inashushwa kwenda wapi? Kwani wewe mle ndani ulikuwa unaandika nini?"

Mke wa karani aliacha kupakua. Alimtazama mumewe usoni, na kwa kuwa walikuwa wameoana miaka ishirini, hakuhitaji kuuliza. "Unakula au huli?" alisema tu. Karani hakula.

Alhamisi, saa tano, wakafika wawili, mtu na mkewe, juu ya pikipiki moja iliyopinda kama kibanio cha nguo. Walikuwa wamekufa Jumatano alasiri. Walikuwa bado wanagombana.

"Nilikwambia punguza," mke alikuwa akisema.

"Sitini, mama watoto. Kijitabu kimesema sitini. Nilikuwa na sitini barabara."

"Ulizidisha."

"Sikuzidisha!" Mume akamgeukia karani. "Ndugu yangu, mwambie huyu. Sitini si sitini?"

Karani akagonga tiketi mbili, na zote mbili muhuri ukateleza. Mama wa dirisha la pili akalalamika kwamba sasa kivuli chote kimejaa na yeye atakaa wapi saa ya chai. Karani akafunga dirisha, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kuchuchumaa mbele ya msichana wa koti la bluu.

"Hukukosea," alisema. "Ile sitini niliiandika mimi. Sijui kuendesha pikipiki. Nilipanda lori, tena likipanda mlima, nikazidisha kwa mbili. Ile kona kushuka ni ishirini. Hukuwa na papara. Mimi ndiye niliyekuwa na haya ya kusema sijui."

Msichana akamtazama. Uso wake haukuwa na hasira, na karani alitamani uwe nayo, angalau ampate mtu wa kumfokea.

"Ahsante kwa kuniambia, baba," alisema mwishowe. "Basi niandikie. Mistari miwili tu, na saini yako, nimpelekee mama."

Karani akasema ataandika. Alirudi ndani, akachukua karatasi, akafungua kalamu. Kisha akajiambia kwamba barua ya kituoni lazima mkuu aijue kwanza, utaratibu ndio huo, na akaenda nayo kwa mkuu ikiwa bado nyeupe.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akafungua droo, akatoa ile fomu, akaiweka mezani. Karani akauona mwandiko wake, uliosomeka, na mkia wa saini.

"Dereva," mkuu akasema taratibu, "tukibadilisha hii namba, tunasema ile ya kwanza ilikuwa ya uongo. Watauliza ya nani. Mimi nitasema ya nani?"

Karani akaikunja karatasi yake nyeupe.

"Una miaka mingapi mpaka kustaafu?"

"Sita."

"Sita si mingi," mkuu akasema. Akairudisha fomu kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo. "Na barua usiandike. Ukiandika, hata bila muhuri, ni ofisi imeandika. Lakini umefanya vizuri kuja. Lile la foleni kivulini nalo nimeliona, na kwa kweli si heshima kuwaweka wageni chini."

Karani alitoka akiwa amepumua. Alikuwa mlangoni bado, mkono kwenye kitasa, alipogundua kwamba moyo wake umetulia, kwamba alikuwa amefurahi kukatazwa. Angetamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka, ilikuwa saruji ya shemeji, iliyosakafiwa vizuri. Msichana alipomwuliza kama barua iko tayari, akamjibu, "Njoo kesho."

Mwezi uliofuata kituo kikafungua njia ya nne. Ilipakwa chokaa, ikawekewa paa la bati na benchi refu la mbao, na kibao: WAGENI WALIOFARIKI SAFARINI. Wakubwa walikuja kuizindua, wakapiga picha na mtu na mkewe, ambao kwa ajili ya picha waliacha kugombana. Mama wa dirisha la pili alisema ni jambo la maana, kivuli chake kimerudi. Njia hiyo akapewa karani wa dirisha la tatu kuisimamia pamoja na ile yake, kwa kuwa alikwisha kuwazoea. Kila asubuhi aligonga tiketi tatu, na kila asubuhi hazikushika. Msichana hakuuliza tena habari ya barua. Aliendelea kumwamkia shikamoo, na kila alipoitikia marahaba, karani aliangalia kucha zake.

Kijitabu kilipigwa chapa upya, toleo la pili, karatasi nzuri zaidi. Kilikuwa na kipengele kipya: *Mgeni akifariki safarini, atumie njia ya nne. Hakuna ushuru. Tafadhali awe na tiketi yake.* Kurasa nyingine hazikuguswa.

Ijumaa moja wakafika wageni sita kwa mpigo, vijana wenye pikipiki safi na vicheko. Walipanga mstari bila kufukuziana, wakaweka miguu pembeni ya oili, wakalipa pesa kamili. Karani akawapa tiketi na vijitabu. Wa mwisho, aliyekuwa na ndevu changa, alisimama kukisoma palepale, kidole kikifuata mistari.

"Shikamoo, mzee. Hii kona ya machimbo, naona kama sitini ni nyingi. Tukiwa tunashuka, ni sitini kweli?"

Njia ya nne ilikuwa hatua tano tu kutoka dirishani. Kwenye benchi, mtu na mkewe waliacha kunong'ona. Msichana wa koti la bluu aliinua uso, akamtazama karani, na karani akajua kwamba anatazamwa. Ishirini ni neno moja. Alilihisi limekaa mdomoni, tayari, halina hata uzito. Nyuma ya kioo chake mkuu wa kituo alikuwa akifuta miwani.

"Ndivyo ilivyoandikwa," karani akasema.

"Ahsante, mzee."

Kizuizi kikapanda na kushuka mara sita. Walipotokomea kwenye mwinuko wa kwanza, msichana wa koti la bluu akasogea mpaka mwisho wa benchi, akawaomba mtu na mkewe nao wasogee kidogo, wenzao wapate pa kukaa.