Siku Linda Alipokataa Machela

Mama mwenzangu, wewe uliye na mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, soma haya kabla hujaita vijana wa kumbeba. Nyanchera wa Nyaramba nusura akosee, naye alikuwa mama mwenye mapenzi kama wewe.

Kule kwao mlimani, juu ya mashamba ya majani chai, gari haliingii. Mgonjwa akizidiwa, vijana wa ukoo hukata miti miwili ya mikaratusi, wakafunga blanketi katikati, wakamlaza na kumteremsha hadi barabarani wakipokezana mabega. Mama aliyeshikwa na uchungu hubebwa hivyo. Mzee aliyepooza hubebwa hivyo. Hata marehemu akitoka mochari hupandishwa nyumbani kwa machela hiyohiyo. Huko kwao, maskini ni yule asiye na mtu wa kumbeba.

Kwa hivyo Nyanchera aliposikia kwamba mtihani wa mwisho wa binti yake ungefanyiwa ghorofa ya juu kabisa, na chuo chenyewe hakina lifti, hakuona shida yoyote. Aliwaendea Mose na Okemwa, watoto wa shemeji yake, wakiwa wanachuma chai, akawaambia, "Kesho kateni miti."

Linda hakuambiwa.

Linda alikuwa ameanguka kutoka juu ya mparachichi akiwa darasa la saba, akaumia uti wa mgongo. Miguu haikurudi tena. Lakini mkono wake ulikuwa na kipaji. Alichora nyumba nyuma ya kalenda, nyumba juu ya karatasi za unga, nyumba kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni mpaka babake akaacha kupaka ukuta huo chokaa. Alipopata nafasi katika chuo kimoja Kisii mjini kusomea ramani za majengo, Nyanchera, ambaye shule yake iliishia darasa la nane, alilia mbele ya jirani zake bila aibu.

Jengo la chuo lilikuwa refu na limepakwa rangi mbili. Ndani yake kulikuwa na shimo la lifti kutoka chini hadi juu, lakini lifti haikuwahi kuletwa. Mlango wa shimo ulipigiliwa mbao nyepesi, na wafagiaji wakageuza sehemu ya chini kuwa stoo ya mifagio na magunia ya viazi vya kantini.

"Lifti ni awamu ya pili, mama," Bwana Angwenyi, mkuu wa chuo, alimwambia Nyanchera siku ya kwanza. "Tuvumiliane."

Chumba cha kuchorea kilikuwa juu kabisa, kwa sababu ya mwanga. Linda alipewa meza yake chini, kando ya mashine ya fotokopi. Mwalimu alishuka kumwona alipokumbuka. Nyanchera alishukuru sana. Akawapelekea walimu mkungu wa ndizi mbivu.

"Mama, usiwashukuru," Linda alimwambia.

"Wamekupa meza, mwanangu. Kuna watoto hawana hata meza."

"Kuchora hakufundishwi na mwalimu peke yake. Wenzangu wanatundika michoro ukutani, mmoja anasemwa, wote wanasikia, wanajifunza. Mimi ninachosikia ni viti vikikokotwa juu ya kichwa changu."

Basi wanafunzi wenzake, watoto wenye roho nzuri, wakaamua kumbeba. Walimpandisha wakiimba, wanne kwa wanne, akakaa nao asubuhi nzima akiwa na furaha. Saa ya chakula ikafika. Kulikuwa na mechi ya mpira uwanjani, halafu mvua ya Kisii ikashuka kama kawaida yake ya mchana, kila mtu akakimbilia alikokimbilia. Linda akasahaulika juu. Choo kilikuwa chini. Aliita, hakuna aliyesikia kwa kelele za mabati. Fred, yule aliyekuwa akiimbisha wenzake, alipokumbuka na kupanda mbio, alimkuta msichana ameketi palepale, sketi imelowa, amefunika mapaja kwa mchoro wake mwenyewe.

Kesho yake walimletea soda na maandazi, wengine wakilia. Linda aliwasamehe wote. Kisha akasema, "Sibebwi tena. Si na mbaya wala na mzuri."

Nyanchera ndiye aliyeifua ile sketi. Alijua kila kitu. Ndiyo maana hakumwambia Linda habari ya machela. Alijiambia mtoto akiiona, na saa imefika, atakubali tu. Hofu ilikuwa imemkaba. Kanuni ilisema asiyesimama na michoro yake mbele ya mtahini angehesabiwa hakuwepo, arudie mwaka. Na Nyanchera aliwajua watu wa nyumbani. Linda akirudia mwaka, wangesema ni miguu. Hawangesema ni ngazi.

Asubuhi ya mtihani, Mose na Okemwa waliingia langoni wakiwa na miti mabegani. Askari akawatazama juu chini.

"Mnajenga nini?"

"Choo cha mkuu," Okemwa akajibu, wala hakusimama.

Walimkuta Linda chini ya ngazi, michoro imekunjwa mapajani, Fred amesimama karibu naye. Wanafunzi wengine walikuwa wameshapanda. Linda aliwaona binamu zake, akafurahi. Kisha akaliona blanketi.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, dada," Mose akasema, tayari amechuchumaa. "Ingia. Tutakupandisha polepole, hata hutajua."

"Nitajua."

"Linda," Nyanchera akasema, "nimewaleta mimi. Hawa si watoto wa shule wa kukusahau. Hawa ni damu yako. Watasimama mlangoni mpaka umalize."

"Najua hawatanisahau."

"Basi?"

Linda alishika magurudumu yake kwa mikono miwili. "Mama, nikipandishwa leo, kesho mkuu atasema jengo halina shida. Linda si alipanda? Si alipita? Na atakayekuja baada yangu ataambiwa akatafute binamu. Mimi nimesoma kuchora majengo. Nitajifunzaje kujenga mlango wa watu wote, halafu mimi mwenyewe nipite kama gunia?"

"Pita kwanza, ubishane baadaye!"

"Baadaye watauliza nalalamika nini."

Bwana Angwenyi alishuka ngazi akiwa amevaa suti ya wageni. Kuona machela akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Nyanchera amjue.

"Haya! Huu ndio ushirikiano wa wazazi tunaoutaka. Haraka basi, mtahini ameshafika kutoka Kisumu. Msanifu majengo mkubwa. Tusimcheleweshe."

"Mwalimu," Fred akasema kwa unyenyekevu, "kwani mtahini hawezi kushuka?"

"Fred, wewe umemaliza kutundika michoro yako?"

"Ndio, mwalimu."

"Basi funga mdomo nisije nikaitundua."

Hapo Linda akamgeukia mamake, akasema kwa sauti ya chini iliyokuwa mbaya kuliko kelele. "Mama, ukiniambia niingie, nitaingia. Lakini niambie wewe. Si mkuu, si Mose. Wewe uliyefua."

Nyanchera akafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, ingia, neno dogo tu. Alikuwa amelibeba kutoka Nyaramba. Akamtazama mtoto, akaitazama machela iliyolala sakafuni kama inayosubiri maiti. Akaona ule mlango wa lifti, viazi vimechungulia chini ya mbao. Nani alivibeba viazi hivyo mpaka ndani, vikapewa nafasi ya mwanawe?

"Mama, sema na mtoto," Bwana Angwenyi akahimiza. "Mwambie awe na shukrani. Tumemvumilia sana."

Labda mkuu angenyamaza, Nyanchera angesema ingia. Hilo la kuvumilia ndilo lililoharibu.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimekushukuru mpaka ndizi zimeisha shambani."

Mose akacheka, akajizuia.

"Umemvumilia nini? Alikula meza? Wewe ndiye tumekuvumilia. Umeimba awamu ya pili mpaka viazi vimeota." Akawageukia vijana wa machela. "Mose!"

"Naam, mama mdogo."

"Mmekuja kubeba, si ndio?"

"Ndio."

"Basi pandeni. Bebeni meza. Bebeni viti, na zile mbao za kutundikia michoro, zote. Linda hapandi. Chumba ndicho kitashuka."

Mkuu akamtazama kana kwamba amezungumza Kichina. Okemwa ndiye aliyeinama kwanza, akaokota machela, akaanza kupanda ngazi mbili mbili. Fred akamfuata akipiga mluzi, ule mluzi wa uwanjani. Dakika si nyingi, jengo zima likaanza kutikisika. Meza zilishuka zimepinduliwa miguu juu. Viti vilishuka vimevaliwa shingoni. Mbao za michoro, michoro ikiwa bado imebandikwa, zilishuka kwenye blanketi la machela, Mose mbele, Okemwa nyuma, wakipiga kelele, "Mgonjwa huyo! Pisheni mgonjwa!"

"Hii ni mali ya chuo!" Bwana Angwenyi akafoka.

"Na hatuitoi nje ya chuo, mzee," Okemwa akamjibu akimpita. "Sogea kidogo, kona hii ni mbaya."

Mwisho kabisa akashuka mwanamke mwenye miwani, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa Adoyo, mtahini. "Wamenichukulia hata kiti," akasema. "Mtihani uko wapi?"

"Uko hapa," Nyanchera akasema kabla mtu mwingine hajamjibu. Alijisogeza akasimama mbele ya Linda, mikono kiunoni, kama mtu aliyeziba lango la boma.

"Madam, samahani sana, kumetokea utovu wa nidhamu," mkuu akaanza. "Kanuni zinasema chumba cha kuchorea."

Adoyo hakumjibu. Alikuwa anatazama mlango wa lifti. Akazigonga mbao zake kwa kidole, akasikiliza jinsi zilivyolia tupu.

"Mashimo kama haya nimeyachora mimi pia," akasema taratibu. "Mwenye jengo anakuambia kata lifti, kata njia ya mteremko, tutaweka baadaye. Unakubali, unaweka sahihi, unaenda kwa mwingine. Ofisini kwetu tunaiita kumsaidia mteja." Akavuta kiti. "Aanze nani?"

Walipoanza, mvua nayo ikaanza. Kule chini palikuwa na giza kuliko juu, hilo ni kweli, na upepo ulileta manyunyu mpaka Fred akavua koti lake kukinga michoro ya wenzake. Hakukuwa na starehe. Lakini walikuwa wote, na kila mmoja alisemwa, na wote wakasikia.

Zamu ya Linda ilipofika, alitundika zahanati aliyoichorea mlima wao. Haikuwa na ngazi. Njia ya kuingilia ilizunguka kilima taratibu, ikapinda, ikarudi, ikapinda tena. Nyanchera aliitambua papo hapo. Ndivyo ng'ombe wake walivyopanda kutoka mtoni. Ng'ombe hapandi mlima kwa kunyooka.

"Njia hii ni ndefu mno," Adoyo akasema kwa ukali. "Mtu mwenye miguu mizima atapita wapi?"

"Hapo hapo."

"Atachoka."

"Atapita polepole na mimi," Linda akasema. "Njia ni moja. Nikiweka mbili, yangu ndiyo itakayowekwa viazi."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Adoyo hakucheka. Alimuuliza kuhusu maji ya mvua, kuhusu mtu asiyeona, kuhusu zege katika udongo ule unaoteleza. Mengine Linda aliyajibu, mengine yalimshinda, akakubali yamemshinda. Adoyo aliandika alama zake kama alivyowaandikia wengine, akageuza ukurasa, akamwita anayefuata.

Mama, sikudanganyi kwamba lifti ililetwa wiki ile. Haikuletwa. Na bado zipo shule, makanisa na ofisi nyingi zitakazokuambia leta watu wambebe, na watu wako watakuja mbio kwa mapenzi, nawe utaona umesaidiwa. Angalia vizuri kabla hujafunga blanketi. Mtoto asiye mgonjwa akizoea machela, nyumba zote zitajengwa kana kwamba hayupo.

Mtihani ulipokwisha, Bwana Angwenyi alikuwa akisubiri, amekunja mikono. "Meza zirudishwe juu. Zote. Sasa hivi!"

Mose na Okemwa walimtazama Nyanchera. Nyanchera alikuwa ameketi juu ya meza mojawapo, viatu amevua, anammenyea Linda ndizi. Hakuinuka.

"Zitarudi, mwalimu," akasema. "Awamu ya pili."